Mimea ya majani manene katika nyumba za Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Roshani yangu iko mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ghorofa ya pili, na vyungu vyake vinaonekana kutoka njiani. Watu hupiga hodi kuuliza. Wengine huja na mmea uliooza ndani ya mfuko wakaniambia, "Dada, mgonjwa wako huyu." Majibu ninayoyarudia mara nyingi nimeyaandika hapa, kwa yule anayeanza na mmea mmoja au miwili.

Mimea ya majani manene ndiyo ipi?

Ni mimea inayojiwekea akiba ya maji mwilini: kwenye jani, kwenye shina, au kwenye kiazi kilicho chini ya udongo. Wauzaji huiita sakulenti. Hata kama hujawahi kununua hata mmoja, unaijua: shubiri iliyo nyuma ya jiko la bibi, mnyaa wa ua, mkonge, mpungate wenye miiba. Karibu dungusi zote, yaani jamii ya mpungate, zimo katika kundi hili, ila si kila mmea wa kundi hili ni dungusi.

Jambo la kulielewa mapema ni namna mimea hii inavyopumua. Mimea mingine hufungua vitundu vya majani yake mchana, na maji mengi hupotelea hapo. Mingi ya hii hungoja usiku. Joto likipungua, hufungua vitundu, huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi ndani ya jani ikiwa asidi, kisha alfajiri hufunga na kufanya kazi mchana kutwa kwa akiba ile. Usiku ndio wakati wake, na usiku wa visiwa vyetu una joto na unyevu. Shida zetu nyingi zinaanzia hapo.

Nimefuata maelekezo yote ya mtandaoni. Mbona mmea wangu unaoza?

Kwa sababu maelekezo mengi yametolewa na watu wanaoishi kwenye baridi. Huko mmea hufa kwa barafu, kwa hiyo wanafundishana namna ya kuukinga na barafu. Sisi adui wetu ni maji yanayokaa: mvua ya masika, unyevu wa hewa, na mkono wa mwenye mmea. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, Pemba hukaribia 1,900, na sehemu kubwa huteremka kati ya mwisho wa Machi na Mei. Mmea wa nchi kavu ukiachwa uwani katika miezi hiyo, ndani ya ndoo ya plastiki iliyojaa udongo mzito, hauna pa kukimbilia.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mimea kumi na miwili kwa muuzaji aliyeileta kutoka bara. Ilikuja kwenye vikopo laini vyeusi, mizizi imefungwa ndani ya udongo mwepesi kama sponji. Niliona imependeza vile ilivyo, sikuigusa. Masika yakaingia. Udongo ule ukishiba maji ulikuwa haukauki hata wiki tatu. Asubuhi moja nikashika jani, likabaki mkononi. Nikavuta shina, likatoka bila mizizi, chini limekuwa kahawia na laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na harufu yake ni ya mboga iliyochacha. Mwisho wa Mei nilibaki na miwili. Niliumia sana, na karibu kila ninachokueleza hapa nimefundishwa na ile kumi.

Nianze na mmea gani?

Anza na mmea unaolijua joto letu. Chaguo langu la kwanza ni zamiokulkasi, ule wenye vijiti vinene na majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Ni mwenyeji wa Afrika Mashariki na visiwa hivi vikiwemo, na ng'ambo wapo wanaouita johari ya Zanzibar. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ndipo ukaenea kwenye ofisi na kumbi za dunia nzima. Hunisikitisha ninaposikia mtu wa hapa anauita mmea wa Ulaya. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, na ukiusahau mwezi mzima hauna neno.

Wa pili ni sansivieria, wenye majani marefu yaliyosimama wima kama panga. Afrika Mashariki ina aina nyingi za mmea huu, na mojawapo imepewa jina la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza hapa Unguja katika karne ya 19, na ambaye alikuwa akipeleka mimea kwenye bustani ya Kew, London. Huvumilia kivuli kuliko wenzake wengi.

Wa tatu ni shubiri. Asili yake ni milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman, milima ambayo familia nyingi za hapa zinaijua kwa masimulizi ya wazee wao. Jina lenyewe lilitoka kwenye Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa neno subira.

Ukiwa na jua la kutosha, ongeza waridi la jangwani, au yuforbia ya Madagaska, ile yenye miiba shina zima na maua madogo mekundu.

Na upi nisinunue?

Echeveria, yale majani yaliyojipanga kama ua la waridi, ya kijivu, samawati na pinki, yanayopendeza sana kwenye picha. Nyingi ni za nyanda za juu za Meksiko, ambako mchana kuna jua na usiku kuna baridi. Kwetu usiku wa Februari haupoi kiasi hicho, na mmea haupati mapumziko yake. Hali ni hiyohiyo kwa sempervivum wa milima ya Ulaya, na kwa lithopsi, vile vinavyofanana na vijiwe, vinavyotoka Namibia na Afrika Kusini. Sisemi haiwezekani. Ninachosema ni kuwa usianze navyo, maana ukiviua vya kwanza utaamini mkono wako hauna baraka, na haitakuwa kweli.

Nitumie udongo gani?

Hapa naomba utulie, kwani udongo ukiwa sawa, makosa mengine mengi husameheka.

Udongo wa shamba, hata ule mzuri wa kinongo, ukiwa peke yake ndani ya chungu hushikana na kukaa na maji. Mimi napima kwa kopo la maziwa. Kopo moja la udongo mwepesi uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Makopo mawili ya vitu vigumu, yaani kokoto ndogo zenye ukubwa wa choroko hadi mbaazi, vigae vya chungu au tofali la kuchoma vilivyopondwa, na vipande vya makaa. Vyote hivi vigumu vipitishe kwenye chekeche kwanza, utupe vumbi. Vumbi la makaa na la tofali likibaki huziba nafasi zote, na utakuwa umejenga sakafu.

Kipimo ni hiki. Jaza mchanganyiko kwenye chungu chenye tundu, mimina kikombe cha maji, halafu hesabu taratibu. Maji yakishazama na kuanza kutoka chini kabla hujafika kumi, udongo wako uko tayari. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza kokoto.

Wengi hupanga mawe chini ya chungu wakidhani maji yatashuka haraka. Hayashuki. Maji hungoja kwenye udongo ulio juu ya mawe mpaka udongo ule ushibe kabisa, kwa hiyo mawe yale hupandisha tope karibu na mizizi. Weka kigae kimoja tu juu ya tundu kuzuia udongo usimwagike.

Mchanga wa pwani unafaa?

Una matatizo mawili. La kwanza ni chumvi, na hiyo husafishika: osha mchanga kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara tano au sita, kila mara ukikoroga na kumwaga, kisha onja tone la maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. La pili halisafishiki. Mchanga mweupe wa fukwe zetu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na hiyo ni chokaa. Weka mchanga kidogo kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka vipovu, umeona chokaa yenyewe. Udongo wenye chokaa nyingi huunyima mmea madini ya chuma, na majani machanga yakawa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani. Mchanga wa machimbo, ule wa kujengea, ni bora zaidi, na wenyewe pia uoshe.

Na usumba, au vumbi la makumbi?

Kwa mboga sawa. Kwa mimea hii, kidogo sana, kwani hukaa na maji. Na uliza umetoka wapi. Makumbi ya kusukia kamba hufukiwa ufukweni miezi mingi yaoze, na kinamama wa upande wa mashariki wakishayafukua na kuyatwanga, usumba ule umejaa chumvi ya bahari. Uloweke ndoo mbili tatu za maji baridi kabla hujautumia.

Chungu cha udongo, plastiki au gilasi?

Chungu cha udongo, bila kusita. Unajua kwa nini maji ya mtungi ni baridi: mtungi unatoka jasho, maji hupenya ukutani na kukauka nje. Chungu chako cha maua hufanya kazi ileile, kikitoa unyevu kwa pande zote usiku na mchana. Ukikishika asubuhi baada ya kumwagilia utahisi kibaridi chake, na siku ukikikuta kikavu na chenye joto kama ukuta, ujue ndani nako kunakaribia kukauka. Chungu kilichovunjika mdomo bado ni kizuri. Kitoboe chini kwa msumari na nyundo ndogo, taratibu, baada ya kukiloweka usiku kucha.

Kopo, galoni iliyokatwa au ndoo kuukuu vinatosha pia, mradi utoboe matundu manne au matano chini na upunguze kumwagilia. Bakuli la gilasi lisilo na tundu usitumie, hata kama muuzaji ameliremba kwa vijiwe vya rangi.

Kisahani cha chini kimwage maji kila baada ya kumwagilia. Mbu wanaouma mchana, wanaoeneza dengi, hutaga kwenye maji kidogo kama hayo.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Kila nikiulizwa swali hili najibu kwa kijiti. Chukua kijiti cha mshikaki, kile cha mwanzi, kichome pembeni ya chungu mpaka kiguse chini, ngoja dakika kumi, kitoe. Kikiwa na alama ya unyevu au udongo umeganda nacho, rudi baada ya siku tatu. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu, kisha uache. Usinyunyize kijiko kila siku. Maji ya kijiko hulowesha juu tu, mizizi ya chini ikabaki na kiu huku shingo ya mmea ikioza.

Ukitaka makadirio: wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chungu cha udongo kilicho juani hukauka kwa siku saba hadi kumi. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, huchukua wiki mbili au zaidi. Zamiokulkasi iliyo ndani ya nyumba mimi huipa maji kila wiki tatu. Hayo ni ya roshani yangu yenye upepo. Kwako kijiti kitasema.

Jani lenyewe nalo husema. La kiu hunywea, hukunjamana kama ncha za vidole vya mtu aliyefua nguo, ila ukilibonyeza bado ni gumu. Lililozidiwa na maji huwa la njano, laini, linapitisha mwanga kama kitunguu kilichokaangwa nusu, na huanguka kwa kuguswa. La kwanza hupona kwa siku mbili. La pili halirudi, na ni onyo kwa mmea mzima.

Maji ya kisima yana ladha ya chumvi. Yanadhuru?

Polepole, ndiyo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukuta wa chungu, ni chumvi na chokaa iliyoachwa na maji. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko. Kama huna, tumia maji hayohayo, ila kila miezi mitatu toa chungu nje siku ya mvua fupi kiogeshwe, kisha kirudishe mahali pakavu.

Waliopo pwani ya mashariki, Makunduchi, Jambiani au Paje, wanajua upepo wa kusi unavyobeba chumvi hadi madirishani. Panguseni majani kwa kitambaa chenye maji baridi kila wiki mbili.

Dirisha lipi lina mwanga unaofaa?

Video zitakuambia "dirisha la kusini". Hilo ni kweli kwa Ulaya na Marekani, ambako jua huwa kusini mwaka mzima. Sisi tuko digrii 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, na jua hutuvuka. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya utosi. Baina ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini.

Kaskazini ni wapi? Zanzibar hilo ni jepesi, kwani Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Simama kama unayetaka kuswali: dirisha lililo mbele yako ndilo lenye jua wakati wa kusi, na lililo nyuma yako ndilo lenye jua wakati wa kaskazi. Vyungu vyangu huhama mara mbili kwa mwaka kwa hesabu hiyo. Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu jua la asubuhi hadi saa nne ni pole na linatosha mimea mingi. La magharibi ni kali; liachie waridi la jangwani na yuforbia.

Mmea uliozoea kivuli usiutoe juani ghafla. Ngozi yake itababuka madoa meupe au ya kahawia yasiyofutika. Mpe saa moja ya asubuhi wiki ya kwanza, ongeza kidogokidogo.

Nakaa Mji Mkongwe. Kuta nene, vichochoro vyembamba, jua haliingii. Nikate tamaa?

Hapana. Weka zamiokulkasi na sansivieria mita moja au mbili kutoka dirishani, au kwenye ngazi za ua wa ndani panapopata mwanga wa juu. Haworthia, ndogo na yenye mistari myeupe, nayo hupenda mwanga usio wa moja kwa moja. Shubiri itahitaji kupanda juu ya paa au kwenye dirisha la barabarani. Kipimo changu ni kitabu: kama adhuhuri unaweza kusoma maandishi madogo bila kuwasha taa, sansivieria itaishi hapo.

Mmea wangu umerefuka shingo, majani yameachana. Ni dalili njema?

Unatafuta mwanga. Hautarudi ufupi. Kata kichwa, ukipande upya mahali penye mwanga zaidi, na kisiki kitachipua.

Masika yakikaribia nifanye nini?

Katikati ya Machi ingiza vyote chini ya upenu, kwenye roshani yenye paa, au ukumbini karibu na dirisha. Inua vyungu kutoka sakafuni kwa vipande vya tofali ili hewa ipite chini. Viachanishe, majani yasigusane. Punguza maji hadi karibu na sifuri kwa vile vilivyo mahali pa unyevu. Mimi kuna masika simwagilii kitu kwa wiki tano. Usibadilishe chungu wala kukata mche katika miezi hiyo kama si lazima. Ukifika wakati wa vuli, Novemba na Desemba, rudia hayo kwa uzito mdogo zaidi. Manyunyu ya mchoo, mwezi wa saba, hayana madhara.

Na kagua konokono usiku kwa tochi. Wale wakubwa hupanda ukuta mvua ikinyesha, na usiku mmoja unatosha wakamaliza jani zima la shubiri.

Umeshaanza kuoza. Naweza kuuokoa?

Mara nyingi, ukiwahi. Utoe kwenye chungu, kung'uta udongo wote. Chukua kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, kata shina juu ya pale palipooza, utazame ule mkato. Ukiona duara au nukta ya kahawia katikati, bado. Pangusa kisu, kata juu zaidi. Endelea hivyo mpaka mkato uwe safi na wa rangi moja kama tango. Weka kipande kilichobaki kivulini, juu ya gazeti, penye upepo. Siku tano wakati wa kaskazi, hadi kumi wakati wa masika, mpaka mkato ufunge kovu kavu lisilonata. Kisha kipandike kwenye mchanganyiko mkavu, na usimwagilie wiki nzima.

Wengi huniuliza kuhusu kupaka unga wa mdalasini. Nimeshapaka na nimeshaacha kupaka. Kilichoponya ni ukavu na upepo. Mdalasini ubakishe kwa chai na pilau.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani.

Ni vidung'ata, wanaofyonza utomvu. Ukiwaona na sisimizi wanapanda na kushuka, usishangae: sisimizi huwalinda kwa sababu ya majimaji matamu wanayotoa. Chovya pamba kwenye spiriti, mguse mmoja mmoja. Rudia kila siku nne kwa wiki tatu, kwani mayai huanguliwa nyuma yako. Mmea mgonjwa utenge na wengine.

Kuna hatari kwa watoto na wanyama?

Ipo, na tusiifiche. Utomvu mweupe wa mnyaa na wa yuforbia zote huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuharibu uoni. Ukiupata, osha kwa maji mengi dakika kumi na tano na uende hospitali. Utomvu wa waridi la jangwani una sumu ya moyo. Bara ulitumika kwenye mishale. Kalankoe, ua la vyunguni lenye majani manene, nayo ina sumu kwa mbuzi na paka. Zamiokulkasi huwasha mdomo na koo ukitafunwa. Vyungu hivi viwe juu ya kimo cha mtoto anayetambaa, na mbali na mbuzi wanaozurura uwani.

Shubiri yangu naweza kuinywa?

Ute mweupe wa ndani ya jani unafaa kupakwa kwenye mahali palipoungua kidogo. Ile njano inayotiririka chini ya ganda ni kitu kingine. Ndiyo ile yenye uchungu ambayo mama zetu walipaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa, na ukiinywa huendesha tumbo kwa nguvu. Mjamzito asiinywe kabisa. Kwa maradhi muulize daktari.

Kalankoe ilikuja na maua tele, tangu hapo haijachanua. Kwa nini?

Mmea huu huchanua ukipata usiku mrefu kwa wiki kadhaa. Nchi za mbali na ikweta majira ya baridi huwapa usiku huo. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, tofauti haifiki saa moja, na mmea hausomi majira. Mtengenezee usiku: ufunike kwa boksi la karatasi ngumu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, kila siku, kwa wiki sita. Jikoni kwangu boksi la tambi ndilo linalofanya kazi hiyo. Vichomozi vya maua vikitokea, acha kufunika.

Nitapataje miche bila kununua?

Shubiri huzaa watoto pembeni. Mtoto akifika urefu wa kidole, mng'oe na mizizi yake. Sansivieria igawe kwa kisu. Ukipandikiza kipande cha jani lake pia hushika, ila ile yenye ukingo wa njano itazaa watoto wa kijani kitupu. Jani moja la zamiokulkasi lililochomekwa kwenye udongo litaota kiazi chini kabla ya kutoa chipukizi, na huchukua miezi mingi. Usilifukue kuangalia. Langu la kwanza lilikaa tangu Ramadhani moja likaota kabla kidogo ya nyingine.

Omba kwa jirani na umpe chako. Nusu ya roshani yangu imetoka kwenye nyumba za watu.

Mbolea?

Kidogo. Kijiko cha samadi ya mbuzi iliyooza mwaka mzima, mara moja mwezi wa tisa na mara moja Januari. Ukitumia ya dukani, ipunguze nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Niko Pemba. Kuna tofauti?

Mvua zaidi na kijani zaidi. Wenzetu wa Wete na Chake Chake naomba waongeze kopo la tatu la kokoto kwenye mchanganyiko, na wasiweke chungu chini ya mkarafuu au mwembe, kwani matone ya majani huendelea muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Nimeona mmea mzuri porini. Niung'oe?

Kwenye hifadhi kama Jozani na Ngezi, usiguse. Kwingineko omba ruhusa ya mwenye eneo, chukua kipande, acha mama. Ukisafiri, fahamu kuwa takriban dungusi zote na shubiri za porini zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES; shubiri ya kawaida ya nyumbani ndiyo iliyoachwa nje. Unayeleta mmea kutoka nje ya visiwa, uliza kibali cha ukaguzi wa mimea kabla hujaununua, usingoje kufika bandarini.

Nasafiri wiki tatu. Nimwachie nani kazi ya kumwagilia?

Usimwachie mtu. Jirani mwenye huruma ataipa maji kila siku, na utarudi ukute tope. Mwagilia vizuri siku mbili kabla ya safari, sogeza vyungu kutoka kwenye jua la moja kwa moja, acha dirisha wazi kidogo hewa ipite. Ukirudi, tua mizigo, choma kijiti kwanza, ndipo ushike kopo la maji.